Markham, Beryl (1902–1986)

Rubani na mfunza farasi wa Kenya, mzaliwa wa Uingereza aliyeletwa nchini akiwa na miaka minne hivi. Alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya urubani wa biashara.

Huko Ulaya hukumbukwa kwa safari ya Septemba 1936, alipovuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akipambana na upepo wa mbele. Barafu iliziba mfumo wa mafuta na ndege ikatua kwa pua kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, baada ya saa 20 na ushee angani.

Ukambani ana historia nyingine, isiyopendeza sana leo. Katika miaka ya 1930 aliruka juu ya nyika ya Makueni na Kitui, pande za uwanda wa Yatta na mto Athi, akiwatafutia wawindaji matajiri ndovu wenye pembe kubwa. Akiwaona, aliwadondoshea wawindaji kifuko chenye ujumbe, kisha akatua kwenye kiwanja kilichofyekwa vichakani kwa panga. Chini, kazi ya kufuata nyayo ilikuwa ya Wakamba. Mmoja wao, Makula, anatajwa katika kumbukumbu za Markham, West with the Night (1942). Kitabu hicho kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya 1983, Markham akiishi Nairobi bila mali nyingi.

Alifariki Nairobi kwa nimonia, Agosti 1986.