Picha za Mitaa, Makanisa na Reli ya Dar es Salaam

Wasomaji wetu, tuliwatuma wanafunzi mitaani Dar es Salaam wakapige picha za mambo ya kila siku, kwa ajili ya somo la historia. Picha zilipochapishwa tukazitandaza mezani, tukashangaa. Karibu wote walipiga minara ya makanisa mawili ya bandarini na stesheni mpya ya reli ya umeme, ile iliyoanza kupeleka abiria Morogoro mwezi Juni 2024, na Dodoma mwaka huo huo. Hapana hata mmoja aliyepiga mtaa anaokaa. Tulipowauliza sababu walijibu, "Mwalimu, pale hapana kitu."

Jibu hilo lilitutia mawazo, na kueleza kwa nini hatuna budi kuanza mbali kidogo. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliweka chombo chake juu dirishani, akapiga picha ya njia kubwa ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Njia ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha ni tupu kama njia ya usiku wa manane. Zamani zile nuru ilihitaji dakika kadhaa kuchora sura juu ya bamba la fedha, na kila kilichokuwa kikienda hakikuacha alama. Mtu mmoja tu aonekana waziwazi, kwa kuwa alisimama mahali pamoja akisafishiwa viatu. Na yule aliyemsafishia aonekana naye kwa shida. Jina la huyu wala la yule halijulikani.

Katika mji wetu Mjerumani Walther Dobbertin alifika mwaka 1906, na kazi yake ya picha ikaendelea hata wakati wa Vita Kuu ya 1914. Wakati huo kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na kanisa la Kiluteri la Azania Front yalikuwa yamekwisha simama. Kazi yake ilianza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikamalizika mwanzoni mwa karne ya ishirini. Reli ya Kati ilianza kutandikwa 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Picha zake nyingi zimo leo katika Nyaraka za Taifa za Ujerumani, na tangu Desemba 2008 nyingi zimewekwa wazi, hata sisi tulio mbali twaweza kuzitazama bila malipo.

Tumezitazama sana, nasi hatuwezi kukana uzuri wake. Lakini yafaa kusoma na maneno yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi mahali pametajwa, nao watu wameandikwa kwa kazi zao tu: askari, wachukuzi, vibarua. Waliobeba mataruma na kuchimba tuta la reli wana sura, majina hawana. Kariakoo nayo ni vivyo hivyo. Jina lake latokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi wa Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mtaa mzima waitwa kwa kazi yao, na wao wenyewe ni nani?

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Soko kubwa la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970 kwa ramani ya msanifu wetu Beda Amuli, na kuungua Julai 2021, lina picha nyingi mno. Lakini zile nyumba za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, zilizokuwa zikijaa mitaa yote kulizunguka, zimebomolewa moja moja kupisha maghorofa, na nyingi zimekwenda bila mtu kuzipiga.

Bibi mmoja jirani yetu alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Baba yake alikuwa mchochea moto wa gari la moshi, na jioni alikuwa akikaa barazani na kahawa yake. Alikufa binti angali mdogo, na picha yake haiko. Bibi alikuja kwetu akasema, "Wanangu, ninyi mna picha za zamani. Labda mtu alipita akapiga mtaa wetu, na baba akawamo." Tulitafuta majuma matatu. Tuliona vichwa vya magari ya moshi, tena vizuri sana, hata namba zake zasomeka. Baraza ile hatukuiona.

Basi tuliwarudisha wanafunzi mitaani, kila mmoja kwao. Tuliwaagiza waombe ruhusa kwanza, na nyuma ya kila picha waandike siku, mtaa na majina ya watu wote waliomo. Safari hii walileta fundi viatu, foleni ya ndoo bombani, mama wa maandazi, na kijana alalaye juu ya mkokoteni wake mchana. Nyingine zimepinda, na moja ina kidole cha mpigaji pembeni, tumeziweka zote.

Mwanafunzi mmoja alimpiga bibi yetu mlangoni pake. Alipogeuza picha aandike jina, bibi alimwambia aongeze na la baba yake. Mtoto akasema, "Lakini bibi, yeye hayumo." Bibi akamjibu, "Najua. Andika." Akaandika.