Papasi, Homa na Kumbukumbu ya Bakteria katika Njia ya Misafara ya Tabora

Historia ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora imeandikwa zaidi kwa kufuata pembe za ndovu, watumwa na wageni waliofika Kazeh, kama Burton na Speke mwaka 1857. Papasi hakupewa nafasi anayostahili. Kupe huyu hujificha katika nyufa na sakafu za udongo, akatoka usiku kuwanyonya damu waliolala. Tembe na kambi za misafara zilimfaa mno: kundi la wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, likiondoka, jingine liliingia, naye aliweza kusubiri miezi mingi bila kula.

Homa aliyoieneza ilipanda, ikatulia, kisha ikarudi. Mwaka 1905 Dutton na Todd walionyesha, wakiwa Kongo, kwamba papasi ndiye mwambukizaji. Dutton alifariki mwaka huohuo. Robert Koch naye, akichunguza vituo vya misafara katika koloni la Kijerumani, aliviona vimelea hata ndani ya mayai ya papasi. Kwa hiyo kituo kilichohamwa kiliweza kubaki na ugonjwa kizazi hadi kizazi.

Sababu ya homa kurudi imo ndani ya DNA. Uchunguzi wa borelia, hususan jamaa yake wa Marekani Kaskazini, umeonyesha kwamba bakteria hawa huhifadhi jeni nyingi za protini ya ganda la nje, karibu zote zikiwa kimya. Kinga ya mwili inapolitambua ganda moja, wachache huwa wamekwisha kunakili jeni nyingine na kuvaa ganda jipya. Jenomu ya *Borrelia duttonii*, iliyopewa jina la Dutton, ilichapishwa mwaka 2008.

Mwaka 2017 watafiti wa Harvard waliandika picha za farasi anayekimbia ndani ya DNA ya bakteria hai, kwa kutumia mfumo ambao bakteria huhifadhia vipande vya virusi vilivyowashambulia. Kazi hiyo ilisifiwa kwa haki, ingawa wino na karatasi vilikuwa vya bakteria wenyewe. Tofauti iliyopo ni ya msingi: mfumo huo hurekodi tukio, ilhali borelia hurithi akiba tu. Mwanahistoria hawezi kusoma humo safari ya mpagazi yeyote.

Wasafiri wa Kizungu walishauriwa kupiga mahema mbali na vibanda vya zamani. Wapagazi waliobeba mahema hayo waliendelea kulala vibandani, hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na kazi yao ikaanza kupungua.