Mtandao umekata, mgonjwa yupo: historia fupi ya taarifa za tiba Karagwe na Kyerwa

Ukitaka kufuatilia historia ya taarifa za wagonjwa Karagwe, usianze na kompyuta. Anza na mguu wa James Grant. Novemba 1861 Grant na mwenzake John Speke walifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika. Mguu wa Grant ukavimba na kutunga usaha, akashindwa kutembea. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki akiuguza mguu hadi Aprili. Mgonjwa huku, mwenzake kule, na kati yao mtandao ulikuwa mmoja tu: miguu ya wajumbe. Mjumbe akizuiwa njiani, habari hakuna.

Unaweza kucheka, lakini hebu simama kwenye dirisha la hospitali siku ambayo "mfumo uko chini". Mgonjwa yupo, daktari yupo, dawa ipo stoo. Kinachokosekana ni mjumbe. Kwa hiyo swali la makala hii ni hili: katika miaka 160 na ushee tumeongeza kasi ya mjumbe, sawa, lakini je, tumeongeza uhakika kwamba atafika?

Kutoka tauni hadi Marburg

Kagera inajua gharama ya habari iliyochelewa kuliko mikoa mingi. Mwaka 1898 Robert Koch, akiwa Dar es Salaam, alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ni tauni. Ushahidi wake ulisafiri kutoka Ziwa Victoria hadi pwani kwa misafara ya miguu, maana hata reli ya Uganda haikufika Kisumu hadi 1901. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walitoka Kagera hii hii.

Miaka ya 1990 ikaja MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na vitabu vyake vikubwa ambavyo kila muuguzi anavijua kwa namba: kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 12 cha chumba cha kujifungulia. Zahanati inajumlisha kwa mkono, ripoti ya mwezi inapelekwa wilayani. Miaka ya 2010 takwimu hizo zikaanza kuingizwa kwenye DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, na hospitali za serikali zikapata GoT-HoMIS ya kuendesha mapokezi, maabara, famasi na malipo. Hospitali za KKKT nazo zilikuwa zimeshaonja kompyuta kupitia Care2x, programu huria iliyoanzishwa na muuguzi, Elpidio Latorilla, mwaka 2002.

Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza kuwa Marburg imeingia Bukoba Vijijini. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Kwa virusi kama hivyo, idadi hiyo ndogo inatokana sana na watu kupata habari mapema na kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Taarifa hapa ni sehemu ya tiba.

Kasi si uhakika

Tanzania iliunganishwa na nyaya za baharini SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani na mipakani. Kasi ikapanda kweli. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo hizo mbili zilikatika baharini kusini, upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Sasa fikiria: hospitali iliyo mlimani Karagwe, ambayo kumbukumbu zake zote zinakaa kwenye seva ya mbali, inasimama kwa sababu ya tatizo lililoko chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka ilipo.

Hata mtu akikuahidi mtandao "unaopatikana asilimia 99", piga hesabu kwanza. Asilimia moja ya mwaka ni saa 87.6, yaani zaidi ya siku 3 na nusu. Zikiangukia usiku wa mama anayetoka damu wodi ya wazazi, hiyo asilimia 99 haimsaidii.

Mitihani mitatu ya huku kwetu

Wa kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea laini ya kilovolti 132 kutoka Masaka, Uganda, inayoishia Kyaka, na kutoka hapo nguzo za usambazaji ndizo zinazopanda kwenda Karagwe na Kyerwa. Laini ndefu ya namna hiyo ni kama daraja la Kyaka lililolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978: ukiwa na njia moja, pigo moja linatosha.

Wa pili ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria na maziwa makuu ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Hospitali nyingi za huku ni majengo yaliyotawanyika: wodi hapa, maabara kule, theatre kwingine. Fundi akiyaunganisha kwa waya wa shaba, amejenga barabara ya radi kutoka jengo moja hadi jingine, na swichi zote zinaweza kuungua kwa mpigo mmoja. Tena waya huo kwa kawaida haupaswi kuzidi mita 100. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na kilomita kwake si tatizo.

Wa tatu ni milima na mpaka. Mlima unaobeba mnara ndio huo huo unaoweka kivuli bondeni. Na ukiwa Murongo, au kando ya Mto Kagera, simu inaweza kukukaribisha Uganda au Rwanda wakati hujavuka hata daraja. Modemu ya zahanati nayo inaweza kupotea hivyo hivyo.

Jenga ukijua utakatika

Hapa ndipo historia inapotufundisha uhandisi. Mtandao wa hospitali ni mitandao miwili: wa ndani ya uzio na wa kwenda nje. Wa ndani ndio unaobeba uhai. Seva ikiwa hapo hapo hospitalini, na swichi zikiwa na betri na sola, intaneti ikikatika daktari bado anaona majibu ya maabara. Mawasiliano yakirudi, seva inatuma nje kilichosubiri, kama ripoti ya MTUHA iliyongoja usafiri.

Mfano: picha ya eksirei yenye megabaiti 20 ikipita kwenye intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde inachukua dakika 2 na sekunde 40. Kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1 ni chini ya sekunde moja. Kwa nini basi picha itoke Nyakahanga iende Dar es Salaam, irudi chumba cha pili?

Kwa njia ya nje, weka mbili, na hakikisha si mbili za jina tu. Kampuni mbili zinazotumia mnara mmoja, au nyaya mbili kwenye nguzo moja, ni njia moja iliyolipiwa mara mbili. Weka swichi ya akiba kabatini, nakala rudufu mbali na seva, na fomu za karatasi kila wodi. Kitabu cha MTUHA si ushamba, ni njia ya mwisho. Muhimu kuliko vyote, awepo mtu Kayanga au Nkwenda anayeweza kurekebisha leo, si fundi wa kusubiriwa kutoka Mwanza wiki ijayo.

Kwa hiyo siku utakapoalikwa kwenye uzinduzi wa hospitali ya kidijitali, usiulize intaneti ina kasi gani. Omba wachomoe waya wa intaneti na wazime umeme wa TANESCO kwa saa moja. Kisha nenda wodini uone kama muuguzi bado anajua mgonjwa wa kitanda cha nne amepewa dawa gani.