Mngazija katika Siberia: Safari ya Salim bin Abakari, 1896

Mwaka 1901, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha *Safari za Wasuaheli*. Mhariri wake, Carl Velten, alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Masimulizi mengi yaliyomo ni ya misafara ya bara ya Afrika. Moja linatoka kabisa nje ya njia hiyo: "Safari yangu ya Urusi na ya Siberia", la Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija.

Salim alikuwa mtumishi wa Theodor Bumiller, Mjerumani aliyewahi kuwa msaidizi wa Hermann von Wissmann katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake huyo hadi Siberia. Reli ya huko, iliyoanza kujengwa mwaka 1891, ilikuwa bado haijakamilika. Ilipokoma, msafiri alitegemea farasi na merikebu za mitoni. Yamkini ndiyo maana kichwa cha simulizi kimerudia kihusishi: *ya Urusi na ya Siberia*. Kisarufi, "ya Urusi na Siberia" ingetosha. Marudio hayo yanaifanya dola moja kuwa nchi mbili, na huenda ndivyo ilivyomjia mtu aliyeivuka hatua kwa hatua.

Huko Salim alikwenda kutazama, naye akatazamwa. Watu walimkusanyikia kwa kuwa hawakuwa wamepata kumwona mtu mweusi. Wazungu wa zama hizo walijaza vitabu vyao habari za Waafrika waliowakodolea macho. Hapa Mwafrika ndiye aliyeshika usukani wa simulizi, akizieleza desturi za Warusi, Wakalmuki na Wakirgizi kwa Kiswahili cha pwani. Wakirgizi walikuwa Waislamu kama yeye: ugeni wa nchi haukuwa ugeni wa kila kitu.

Je, sauti hiyo ni yake kweli? Shaka ina msingi. Utumishi ulimpeleka asikojichagulia, na maandishi yake yalipitia mikono ya mhariri aliyewafundisha Kiswahili Wajerumani waliojiandaa kwenda koloni. Hata hivyo, bwana wake ndiye aliyeipanga safari. Kuisimulia kulikuwa kwa mtumishi. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka huohuo wa 1901. Ya Kiingereza, ya Lyndon Harries, ilingoja hadi 1965.