Rubani na Amana ya Roho za Watu



Waulize watoto wa mtaa wowote wa pwani yetu watakuwa nani wakikua, na hutakosa mmoja atakayeelekeza kidole juu akakwambia, "Mimi nitarusha ndege." Mama hucheka, baba huguna, na maneno huishia hapo. Sisi twaona si haki yaishie hapo. Mwenye kutaka kazi apewe habari zake: imetoka wapi, yataka nini, na ni mzigo gani atakaojitwika. Basi leo twapenda tukae pamoja, mzazi na mwana, tuitazame kazi ya urubani katika tarikhi yake. Tarikhi hiyo itatuonyesha kuwa sifa ya rubani si ujasiri. Sifa yake ni kuchunga amana.

Jina lililotoka baharini

Tuanze na jina lenyewe. Neno rubani halikuja na ndege. Ni neno la Kiarabu tulilolipata baharini, nalo lilikuwa jina la mtu ajuaye njia ya maji: wapi pana mwamba, wapi pana fungu, na upi mlango wa kuingilia bandarini. Mkubwa katika mabaharia wa Bahari ya Hindi walioacha maandishi ni Shihabuddin Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa na kazi hiyo hiyo. Mwaka 895 Hijria, sawa na 1490, alikamilisha kitabu chake mashuhuri cha elimu ya bahari, Kitab al-Fawaid; na ametunga pia shairi juu ya njia ya pwani yetu mpaka Sofala. Wengi husema kuwa ndiye aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Calicut mwaka 1498. Wanazuoni walioichunguza habari hiyo wameikataa, na yafaa nasi tumuondolee mzee huyo lawama isiyo yake.

Lakini tusichopaswa kukiacha ni masharti aliyomwekea mwenye kuongoza chombo. Alimtaka akikague chombo chake kingali nchi kavu, azijue aibu zake kabla maji hayajazifichua. Alimtaka asishindwe na usingizi. Na alimtaka ajue tofauti ya subira na uvivu, na tofauti ya haraka na wepesi. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba maneno haya yana umri wa zaidi ya miaka mia tano. Nawe ukienda leo kiwanjani utamwona rubani, kabla ya kupanda, akiizunguka ndege kwa miguu, akitazama magurudumu, mbawa na injini. Kipando kimebadilika, lakini sharti ni lile lile.

Waliotamani mbawa

Suratul Mulk inatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, jinsi wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, na hapana awashikiliaye ila Mwenyezi Mungu. Waislamu wa zamani waliwatazama, na wengine wakatamani.

Katika mji wa Cordoba, huko Andalusia, aliishi Abbas ibn Firnas, aliyefariki mwaka 274 Hijria, sawa na 887. Alikuwa mshairi, mjuzi wa nyota na fundi wa vioo. Mwanahistoria al-Maqqari ameeleza kuwa mtu huyu alijivika manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha kutoka mahali palipoinuka, na kweli akaenda hewani masafa. Lakini wakati wa kutua aliumia mgongo, kwani hakuzingatia kuwa ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujitengenezea mkia.

Zaidi ya miaka mia baada yake, katika mji wa Nishapur, aliishi al-Jawhari, mwanachuoni mkubwa wa lugha ya Kiarabu, mwenye kamusi iitwayo as-Sihah. Huyu yasimuliwa kuwa alipanda juu ya msikiti na mbawa za kujitengenezea, akaruka, akaanguka akafa. Elimu yake ya lugha ilikuwa bahari, lakini haikumfaa kitu hewani. Aliye bingwa wa fani moja ni mwanafunzi katika nyingine, na anayelisahau hilo hujiponza.

Somo la wawili hawa ni moja: kupaa si kazi, kazi ni kutua. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walilifahamu hilo. Kabla ya kutia injini katika chombo chao walikaa miaka wakiteleza na upepo juu ya vilima vya mchanga, mamia ya mara, wakijifunza kukiongoza na kukitua. Ndipo tarehe 17 Disemba 1903 waliporuka kwa injini. Na safari ya kwanza ya siku ile ilidumu sekunde 12 tu.

Binti wa Cairo

Baada ya hapo ndege zikaenea duniani, na skuli za kufundisha urubani zikafunguliwa hata katika nchi za Waislamu. Sikiliza habari ya Lotfia El Nadi, binti aliyezaliwa Cairo mwaka 1907. Alitaka kujifunza kurusha ndege, naye hakuwa na fedha za karo. Akaomba kazi katika skuli ile ile ya urubani, akiandika barua na kupokea simu, na mshahara wake ukawa ndio karo yake. Tarehe 27 Septemba 1933 alipata leseni, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kurusha ndege. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo alishindana katika mbio za ndege kutoka Cairo mpaka Alexandria, akafika wa mwanzo. Lakini akanyimwa ushindi kwa sababu hakuzunguka alama moja kama sheria ilivyotaka.

Lakini jambo hili alimficha baba yake, akijua kuwa atakataa. Baba alipopata habari alighadhibika. Binti akamchukua ndani ya ndege, akaruka naye juu ya Cairo na mapiramidi, na ghadhabu ya mzee ikageuka kuwa fahari.

Sisi hatusifu kumficha mzazi. Radhi ya wazazi ni hazina, na mwana asiichezee. Lakini nasi wazazi tujiulize: mwana huficha kwa nani? Huficha kwa yule anayejua kuwa hatamsikiliza. Lau mlango wa maneno ungekuwa wazi, hapangekuwa na haja ya siri. Na yule anayepuuza alama moja njiani, hata akitangulia, hahesabiwi kuwa ameshinda. Sheria hiyo haikumpendelea mtu, na urubani wote umejengwa juu yake.

Sheria zilizoandikwa baada ya misiba

Kwa hakika, ndugu msomaji, kanuni nyingi za kazi hii zimenunuliwa kwa roho za watu. Tutataja misiba miwili.

Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, jeshi lilikuwa likijaribu ndege mpya ya Boeing yenye injini nne. Aliyeirusha alikuwa Meja Ployer Hill, rubani mjuzi. Ndege ilipaa, ikainuka mno, ikaanguka na kuwaka moto. Hill akafa, na mwenziwe Leslie Tower akafa pia. Uchunguzi ulionyesha kuwa ndege haikuwa na kasoro. Vilikuwako vifungio vinavyozuia mkia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, navyo vilisahauliwa kufunguliwa. Hapo ndipo marubani walipotengenezewa karatasi ya ukaguzi: jambo moja moja husomwa kwa sauti na kuhakikishwa. Mpaka leo rubani mwenye miaka thelathini ya kazi huisoma kama asomavyo mwanafunzi wa jana. Haisomi kwa kuwa hajui. Huisoma kwa kuwa yeye ni binaadamu, na binaadamu husahau.

Msiba wa pili ni mkubwa zaidi. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikutana juu ya njia moja ya kurukia katika ukungu mzito. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alikuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa shirika lake. Alianza kukimbiza ndege kabla ya kupewa idhini ya kuruka. Fundi wa ndege aliyekuwa nyuma yake akauliza kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Mkuu akajibu kuwa imetoka, na safari ikaendelea. Fundi hakurudia tena kuuliza. Sekunde chache baadaye yakawa yaliyokuwa.

Tafakari juu ya kimya kile. Mdogo aliona shaka, akaisema mara moja, akanyamaza kwa heshima. Na mkubwa hakusimama kuisikiliza. Baada ya misiba ya namna hii mashirika yakaanza kuwafundisha marubani jambo ambalo Qur'ani ilikwisha kutuamrisha: kushauriana. Mdogo afundishwe kusema, na mkubwa afundishwe kusikiliza.

Na faida yake ilionekana. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United ilipasukiwa na injini ya mkiani hewani, ikapoteza nguvu zote za kuendeshea usukani. Rubani mkuu Al Haynes hakujifanya mjuzi wa yote. Aliwasikiliza wenziwe, na akamkaribisha mwalimu wa marubani aliyekuwa ndani kama abiria. Wakaiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia, mpaka uwanja wa Sioux City. Ndege ilivunjika katika kutua, na watu 112 walifariki. Lakini 184 kati ya 296 walisalimika, na haikutarajiwa kuwa atasalimika hata mmoja. Haynes mwenyewe aliyatilia nguvu mafunzo yale ya kushauriana.

Njia ya kuifikia kazi

Sasa tumjibu yule kijana. Kanuni za kazi hii zasimamiwa na shirika la kimataifa lililotokana na mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na kila nchi huzitekeleza kwa idara yake. Mwanafunzi ashike sana hisabati, fizikia na Kiingereza, kwani ndiyo lugha itumikayo zaidi baina ya rubani na mnara katika safari za kimataifa. Kisha apimwe na daktari aliyeidhinishwa: macho, masikio, moyo, na akili.

Leseni ya kwanza, ya kurusha bila ya ujira, huanza kupatikana kwa umri wa miaka 17 na saa 40 hivi za kuruka. Leseni ya kuajiriwa yataka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesomea mpango kamili katika skuli iliyoidhinishwa. Ajifunze pia kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake, wakati haoni ardhi wala mbingu. Kisha afunzwe aina maalumu ya ndege atakayoirusha, aanze kama rubani msaidizi. Leseni ya juu, ya kuwa mkuu katika ndege kubwa za abiria, yataka miaka 21 na saa 1,500. Hapa Afrika Mashariki iko skuli ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 katika enzi za Jumuiya ya mwanzo. Karo ya masomo haya ni nzito, na mzazi asidanganywe kuwa ni rahisi.

Wala asidhani kuwa akishapata leseni amemaliza. Rubani wa ndege za abiria hurudi kutahiniwa mara mbili kila mwaka, na kupimwa afya kila mwaka. Akipita miaka 60 hupimwa kila miezi sita, na akifika 65 huweka chini usukani wa ndege hizo za kimataifa. Saa zake za kazi na za kulala zina mpaka. Ulevi kwake ni mlango uliofungwa, na kwa Muislamu ulikwisha kufungwa zamani. Yako mashirika yanayomkataza rubani kufunga saumu akiwa kazini. Naye asione dhiki, kwani msafiri amepewa ruhusa na Mola wake, na siku zake atazilipa.

Na kazi yenyewe? Si kukaa na kutazama mawingu. Ni kusoma hali ya hewa kabla ya alfajiri, kupima mafuta yanayotosha kufika na yanayotosha kugeukia kiwanja kingine, na kuwa tayari kusema, "Leo haturuki," hali abiria wamekasirika na wakubwa wanatazama saa. Neno hilo huenda likawa zito kuliko usukani wote.

Tamati

Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga, akisema ametawakali, Mtume (S.A.W.) alimwambia amfunge kwanza, kisha atawakali. Rubani ndiye mtu wa hadithi hiyo. Huzunguka ndege yake, husoma karatasi yake, humsikiliza mwenziwe. Kisha husoma dua ya safari na kumwachia Mola yaliyobaki.

Basi mwanao akikwambia anataka kurusha ndege, usicheke. Mtazame nyumbani: ukimtuma hufika? Akikosea hukiri? Akikosolewa na mdogo wake husikiliza? Urubani huanzia hapo, na hata akiwa fundi, mwalimu au dereva, sifa hizo zitamfaa, maana kila mmoja wetu ana roho za watu mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na awajaalie kuwa wachungaji wema wa amana. Amin. Wassalaamu alaykum.