Ngitili na Amri: Ardhi ya Shinyanga na Geita

Ni desturi ya watu wengi kusema kwamba nchi ya Shinyanga ilikauka kwa sababu wenyeji wake walipenda ng'ombe kupita kiasi. Usemi huo ulikuwa ukirudiwa sana katika maofisi ya serikali ya Kiingereza, na hata leo haujatoweka. Walakini mtu atakayeyafuata mambo ya nchi hiyo toka mwisho wa karne ya 19 ataona kwamba ardhi ya Usukuma haikuharibiwa na uzembe. Mara nyingi iliharibiwa na dawa iliyotolewa ili kuiponya.

Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ilipita katika Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe wasiohesabika. Mahali palipokosa mifugo na watu, pori lilirudi, na pamoja na pori akaja mbung'o, achukuaye ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Tanganyika ilimweka C. F. M. Swynnerton kuongoza vita dhidi ya mdudu huyo, na makao ya uchunguzi wake yakawa Shinyanga. Shauri lilikuwa jepesi kueleweka: mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli, basi kivuli kiondolewe. Watemi wakawaita watu wao, nao wakatoka kwa maelfu baada ya mavuno, wakafyeka na kuchoma. Kazi hiyo ilifaulu. Wafugaji wakapata malisho yasiyo na nagana, mashamba ya pamba yakapanuka, na watu wakaongezeka. Lakini nchi ipatayo mvua ya milimita 600 hadi 800 tu kwa mwaka ilikuwa imevuliwa nguo yake. Mvua ilipopiga iliondoka na udongo, na akina mama wakaanza kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, wengine wakapikia samadi ambayo ingalirutubisha shamba.

Ndipo ikaja dawa ya pili. Mwaka 1947 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wataalamu walifanya hesabu ya watu na mifugo inayoweza kukaa katika kila eneo, na waliozidi wakatakiwa kuhamia nchi mpya, hasa Geita, ambako pori lilifunguliwa kwa ajili yao. Amri zikafuatana: kulima kwa matuta, kupanda muhogo wa akiba, kupunguza ng'ombe, kulipa ushuru wa mifugo. Katika amri hizo zilikuwamo nyingi zenye maana. Hakuna mkulima asiyejua kwamba tuta huzuia maji. Lakini zilifika kwa mkono wa karani na hukumu ya faini, na mtemi, aliyekuwa mlinzi wa watu, akageuzwa kuwa mtoza adhabu. Tena toka mwaka 1954 hadi 1958 chama cha TANU hakikuruhusiwa kuendesha kazi zake katika Usukuma, hata manung'uniko yakakosa mlango wa kutokea. Mwaka 1958 yalifumuka Geita. Watu walilikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wakaenda kwa makundi mpaka Mwanza kudai haki yao, na polisi wakawatawanya. Serikali ikalazimika kuzilegeza amri zake. Kwa bahati mbaya, amri zilipoanguka, hekima iliyokuwa ndani yake ikaanguka pamoja nazo. Tuta likawa alama ya kutawaliwa.

Jambo hilo halikuwa la Usukuma peke yake. Huko Machakos, katika Kenya, mwaka 1938 Wakamba walitembea hadi Nairobi kupinga kuuzwa ng'ombe wao kwa nguvu kwa jina la kuhifadhi ardhi. Watu hao hao, baada ya uhuru, walichimba matuta katika vilima vyao kwa mikono yao na kwa faida yao, hata vilima vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikazaa.

Katika Shinyanga msaada ulikuwako nyumbani, nao uliitwa ngitili. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mwanzo wa masika ili nyasi zikue pasipo kuguswa, kisha kikafunguliwa katikati ya kiangazi, sehemu baada ya sehemu, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Nyingine ni za nyumba moja, nyingine ni za kijiji kizima. Desturi hiyo ilipata pigo kubwa katika miaka ya 1974 na 1975, watu walipohamishiwa vijijini na kuziacha ngitili zao mbali nao. Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa huo mwaka 1984 alishtushwa na ukame wa ardhi, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, kwa msaada wa Norway.

Mwanzoni HASHI nayo ilishika njia iliyozoeleka, ya vitalu na miche ya kugawa. Sifa yake ni kwamba ilikubali kujifunza. Ilionekana kwamba palipofungwa ngitili, migunga na miti mingine ya asili ilichipua yenyewe kutoka katika mizizi iliyokuwa imelala chini ya udongo muda wote huo. Basi kazi ya mtaalamu ikawa kuunga mkono shauri la wenyeji. Dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji, ndiyo iliyoamua mipaka na adhabu, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600. Baada ya miaka chini ya 20 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni, asali, dawa, matunda na nyasi za kuezekea zilirudi karibu na nyumba.

Haifai kulisifu jambo hili kupita kipimo chake. Mwenye ng'ombe wengi hufaidi ngitili kuliko asiye na ng'ombe, na urithi huzigawa vipande vidogo. Tena upande wa Geita watoa fundisho jingine. Dhahabu iligunduliwa huko na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Pembeni yake wamo wachimbaji wadogo, ambao mashimo yao hutaka magogo ya kuyategemeza, vyakula vyao hutaka mkaa, na dhahabu yao husafishwa kwa zebaki, sumu iingiayo katika maji. Mchimbaji ahamaye kila dhahabu inapohama hana sababu ya kungoja mti ukue. Geita, iliyokuwa nchi ya kupokea watu na ng'ombe waliozidi Usukuma, sasa yenyewe imejaa.

Hapo ndipo historia hii inapoyagusa mambo ya leo. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza joto, na katika nchi kavu kama hii masika yakichelewa wiki chache tu, mavuno hupotea. Zamani pori la kuhamia lilikuwako. Siku hizi halipo. Bila shaka mipango mingi itaandikwa mijini, yenye hesabu safi kama zile za Malya. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mizizi ya migunga ilingoja chini ya ardhi ya Shinyanga kwa miaka mingi, na iliyoiamsha ni kauli ya watu waliokaa mkutanoni, wakakubaliana wenyewe kufunga malisho yao.