Horohoro (kituo cha mpakani)

Horohoro ni kituo cha pamoja cha mpakani katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, kinachotazamana na Lunga Lunga iliyoko kaunti ya Kwale, Kenya. Hupitisha malori ya barabara ya pwani kati ya Dar es Salaam na Mombasa. Lori linaloenda Kenya hukaguliwa Lunga Lunga tu, na linaloingia Tanzania hukaguliwa Horohoro. Maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja.

Dereva hushuka na bahasha yake: pasipoti, tamko la forodha lililoandaliwa na wakala, ankara, leseni ya usafirishaji na kadi ya njano, bima ya COMESA ambayo Tanzania huitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Karatasi yenye uzito kuliko zote ni cheti cha uasili wa bidhaa. Bila hicho, mzigo uliotoka Bagamoyo hutozwa ushuru kama wa ng'ambo. Mahindi na matunda huhitaji pia cheti cha afya ya mimea. Uzito wa lori na shehena yake hauruhusiwi kuzidi tani 56, na lori lenye ekseli chache hubeba pungufu ya hapo.